Karatasi Arobaini na Nane za Racho Minev

Jumatano ile nilikuwa natoka sokoni na kapu la vitunguu vya majani nilipokuta tangazo la kifo limebandikwa kwenye mlango wa jengo letu. Hilo si jambo la ajabu hapa Ruse, mji wetu wa bandari kando ya mto Danube. Milango yetu haikosi sura za marehemu: waliokufa jana, waliotimiza siku arobaini, waliotimiza mwaka, hata miaka ishirini. Nikasimama nisome, maana mimi nasoma yote, sibagui. Msalaba juu. Chini yake: Siku arobaini bila mpendwa wetu Racho Minev. Picha ya Racho, kanuna, kola imembana shingo. Chini kabisa: Mwenye huzuni, mke wake Donka.

"Samahani jirani, nipite," mtu akasema nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa Racho.

Vitunguu viliniponyoka vyote. "Mungu wangu! Wewe, umebandika nini hapa?"

"Tangazo la Donka. Jumamosi ndiyo arobaini yake."

"Hebu lisome."

"Nimeliandika mwenyewe, nilisome la nini?"

"Racho Minev, lisome hapa hapa mbele yangu, au nikuchape na hivi vitunguu!"

Akasogea. Akasoma taratibu, midomo ikicheza. Nilingoja acheke, au atukane, au akae chini kwenye ngazi. Hakufanya hata kimoja.

"Kumbe ni mimi," akasema.

"Ni wewe ndiyo!"

"Haya," akasema, akaanza kutafuta ufunguo mfukoni.

"Haya nini? Umebandika ngapi?"

"Arobaini na nane. Mji mzima. Hii ndiyo ya mwisho." Akaingia ndani, nikabaki nakusanya vitunguu huku yule Racho wa mlangoni akinitazama.

Aliyekufa alikuwa Donka. Mwezi wa kumi, asubuhi, akimenya pilipili za kuchoma, moyo ukasimama. Tulimzika siku ya tatu, na tangu siku hiyo Racho hajawahi kulitamka neno kufa. Hakulia kanisani, hakulia makaburini. Iskra, binti yao anayeishi Hispania, alilia mpaka sauti ikakauka, akarudi kazini kwake. Racho akarudi ghorofa ya pili. Ukimuuliza hali yake anajibu, "Sijambo." Ukimpelekea supu ya maharage anashukuru, na kesho yake unaikuta palepale ulipoiweka. Mimi nina miaka sabini na mbili, nimezika mume na kaka wawili, najua mtu analia vipi. Huyu hakuwa akilia, hakuwa akila, hakuwa akikasirika hata nilipomkaripia. Nilikuwa na hofu moja tu: anamfuata mkewe, kimyakimya, bila kumsumbua mtu.

Jumapili ya kwanza baada ya mazishi nilimburuta kanisani. Kwetu unapewa kikaratasi uandike majina, padri ayasome. Upande mmoja unaandika walio hai, waombewe afya. Upande wa pili unaandika waliokufa, waombewe pumziko. Nikampa kalamu. Akaitazama.

"Huwa anaandika Donka," akasema, akanirudishia kikaratasi kitupu pande zote mbili.

Na kweli. Miaka arobaini na sita ya ndoa, Donka ndiye aliyeandika kila kitu katika nyumba ile. Racho alikuwa mwendesha kreni bandarini. Alipanda asubuhi kwenye kile kibanda cha juu, akashuka jioni, akaja nyumbani. Amezaliwa mji huu, na mitaa miwili tu ndiyo aliyoijua, wa bandari na wetu wa Zdravets. Mengine yote, harusi za watu, shule, ndugu, zawadi za mwaka mpya, aliongozwa na Donka, yeye kazi yake kubeba mfuko. Donka alikuwa na daftari la kijani lenye anwani za kila mtu aliyewahi kumpenda. Sasa huyu mtu asiyejua mji alikuwa amelichukua lile daftari, amezunguka siku mbili kwa miguu, kila anwani akabandika karatasi. Na hakuna hata moja aliyoiangalia.

Simu ya mezani ilianza kulia saa nane mchana. Nilikuwa kwake, nimemfuata kumsema.

"Naam," akaitikia. Akasikiliza. "Hayupo... Ahsante. Nitamwambia."

"Nani huyo?"

"Mtu wa mtaa wa Charodeyka. Anataka kumpa pole Donka."

"Umemjibu nini?"

"Nimesema hayupo."

"Kwa nini hukumwambia?"

Simu ikalia tena. Hayupo. Ikalia tena. Hayupo, ahsante sana. Mara ya tano nikachomoa waya ukutani, niliona nitapasuka.

Kesho yake asubuhi tukaenda dukani walikochapa yale matangazo. Nilikwenda nimejifunga kibwebwe, nimpe mwenye duka maneno yake. Binti wa pale mezani hakubishana. Alifungua faili akatuwekea fomu mbele. Mwandiko ulikuwa wa Racho, zile herufi zake kubwa za mtu aliyeandika namba za makasha maisha yake yote. Mstari wa kwanza, Jina la marehemu: Racho Minev. Mstari wa mwisho, Wenye huzuni: Donka.

"Donka alikuwa ananipa fomu," Racho akasema polepole. "Za umeme, za pensheni. Ananionyesha kwa kidole, andika jina lako hapa juu. Mimi naandika juu."

"Na picha?" nikauliza.

Binti akaona haya. "Alileta bahasha yenye picha mbili ndogo, ya baba na ya mama. Nikachukua inayolingana na jina. Nikamuuliza, babu, wewe ni ndugu yake? Mnafanana sana. Akasema ndiyo."

Nilitaka kucheka. Nikamtazama Racho nione kama naye anataka. Alikuwa anasoma fomu kana kwamba inamhusu mtu wa ghorofa nyingine. Nikamwambia binti, chapa mpya upesi, Jumamosi ni keshokutwa. Watu wakidhani aliyekufa ni Racho, nani atakuja kumwombea Donka?

Basi tukatoka na karatasi mpya, ndoo ndogo ya maji ya moto, kisu cha jikoni na gundi. Mimi nilikata tiketi miaka thelathini kwenye mabasi ya umeme ya mji huu. Hakuna kituo nisichokijua, wala jengo ambalo sijamfukuza mkwepa nauli mpaka mlangoni kwake. Nilimwambia Racho, wewe soma daftari, mimi nitakupeleka.

Charodeyka tulimaliza haraka, majengo yote pacha, unachana hapa unabandika hapa. Kwenye mlango mmoja mtu alikuwa ameweka ua jekundu chini ya picha ya Racho. Akaliokota, akalishika muda, akaliweka chini ya picha ya Donka. Lakini picha yenyewe hakuitazama. Alikuwa anabandika kwa kupapasa, macho yakiwa pembeni, kwenye kengele za wenye nyumba.

"Iangalie basi," nikamwambia. "Imekaa upande."

"Nyoosha wewe."

Nikanyoosha. Niliumia, siwezi kuficha. Ilikuwa ile picha aliyopigwa kwa ajili ya pasipoti waende kwa Iskra, nywele ametoka kuzitia rangi. Hawakuwahi kwenda.

Mtaa wa Rodina ndiko kulikokuwa na kasheshe. Kuna kibanda cha bia pale, na nje walikaa wazee watatu wa bandarini, glasi mbele yao, tangazo la Racho limebandikwa ukutani juu ya vichwa vyao. Tulifika wakati mnene wao, Gancho, kasimama anamwaga ardhini tone la rakia, pombe yetu kali, kama tufanyavyo kwa marehemu.

"Mungu amsamehe Racho," Gancho akasema. "Alikuwa mtu mzuri, japo kuongea naye ni sawa na kuongea na nguzo."

"Alikopa nyundo yangu," mwingine akasema.

"Ninayo nyumbani," Racho akasema.

Glasi ilimponyoka Gancho, ikapasuka vipande. Yule wa nyundo akajipiga ishara ya msalaba mara tatu mfululizo. Kisha zikazuka kelele. Wakamshika mabega, wakamtikisa, wakamtukana matusi ya bandarini ambayo siwezi kuyarudia.

"Mshenzi wewe! Nimelia tangu juzi!"

"Hata kufa hujui kufa, Racho?"

"Hebu aonyeshe cheti! Mimi pole yangu sirudishiwi?"

Wakacheka mpaka machozi. Racho alisimama katikati yao, mikono imening'inia, akingoja wamalize. Gancho ndiye aliyeona kwanza zile karatasi mpya mkononi mwangu. Akasoma jina. Akavua kofia.

"Donka?" akaniuliza mimi.

Nikaitikia. Wakamtazama Racho, aseme. Racho akachovya kitambaa kwenye ndoo, akaanza kulowesha ile karatasi yake ukutani. Wakamsogelea, wakamsaidia kuibandua, hakuna aliyecheka tena. Walimpa glasi, hakunywa, akaimwaga yote ardhini. Gancho akaniambia pembeni, "Mama, mwangalie sana huyu." Nikamjibu mimi nafanya nini tangu asubuhi.

Mchana huo tulifika mpaka bustani za Dolapite, mbwa mmoja akararua soksi yangu, hilo nalo sijamsamehe Racho mpaka leo. Jioni tulikuwa tumebadilisha karatasi thelathini na tisa. Katika zote hizo, hakuna mahali Racho aliposema mwenyewe kilichotokea. Watu walimuuliza, akawaonyesha karatasi.

Ijumaa tulimalizia Sredna Kula, kule juu kilimani, nyumba za chini zenye ua na kuku. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni, Danube yenyewe haionekani, unasikia tu honi za majahazi ya makaa. Anwani ya mwisho daftarini ilikuwa ya Ginka, aliyeshona pamoja na Donka makoti ya wafanyakazi miaka ishirini na nne, cherehani zao zikiwa ubavu kwa ubavu. Karatasi ilikuwa kwenye geti lake. Nilipoanza kuichana, mlango ukafunguka.

"Nani anachana karatasi ya Racho? Acha! Huna adabu? Marehemu wa watu!"

Alitoka bibi mwenye umbo dogo kama kuku wa kienyeji, amejifunga mtandio, anapapasa ukuta. Macho yake mawili yalikuwa na ukungu mweupe. Jirani ndiye aliyemsomea tangazo.

"Tunabadilisha tu, dada," nikasema. "Ilikosewa."

"Mnatoka kwa Donka?"

Nikafungua mdomo. Racho akawahi. "Ndiyo."

"Yukoje?"

"Kimya."

"Kimya? Donka?" Ginka akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hiyo ni mbaya. Yule alikuwa anatumaliza kwa maneno, msimamizi alimhamisha meza mara mbili. Atakuwa ameumia sana. Alimpenda yule mtu wake." Akashika nguzo ya geti, akatulia kama mtu aliyepata wa kuongea naye. "Mimi nilimwona mara moja tu, siku ya harusi, amejificha nyuma ya keki. Lakini nilimjua kwa kreni."

"Kreni gani?" Racho akauliza.

"Si pale kiwandani dirisha letu lilitazama bandari? Kreni ya njano, ya kwanza kulia. Donka alikuwa hali chakula cha mchana mpaka aione imegeuka na kusimama. Tunamwambia, we Donka, kula, kengele italia! Anasema, ngojeni, Racho wangu bado hajakaa kula. Ikisimama tu, anafungua chombo chake. Miaka ishirini na nne. Siku nyingine kreni haikusimama kabisa, naye akarudi kwenye cherehani na njaa. Tukimcheka anatutukana."

Nilimtazama Racho mikono. Alikuwa ameshika kile kisu cha jikoni, na kidole gumba kinapita juu ya mpini, mbele, nyuma, kama mtu anayesogeza usukani wa mashine.

"Ngojeni," Ginka akasema. Akaingia ndani akipapasa, akatoka na chupa ya jamu ya waridi. Akamwekea Racho mkononi. "Mpelekee. Mwambie ni Ginka. Mwambie ale, asikae na njaa eti kwa kuwa mtu wake hayupo. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Tukaondoka. Kusema kweli nilikuwa nimechoka, nilijisemea potelea mbali, mwache bibi wa watu aamini anachoamini, nitampigia simu mimi. Tulishuka hatua kama thelathini. Racho akasimama. Akanipa ndoo. Akageuka akapanda tena mpaka getini, nami nyuma yake nikihema.

"Bibi," akasema. "Donka amekufa."

Ginka alikuwa bado amesimama palepale.

"Aliyekufa ni Donka," Racho akasema tena, kwa sauti ileile aliyokuwa akisemea hayupo kwenye simu. "Alikuwa anamenya pilipili. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nilisikia kisu kimeanguka, nikadhani kimeanguka tu. Sikwenda kuangalia. Nilimaliza kusoma gazeti kwanza. Donka amekufa."

"Na wewe nani?"

"Mimi Racho."

Ginka alijipiga ishara ya msalaba. Akasema, "Mungu amsamehe Donka," kisha akanyoosha mkono, akamgusa Racho usoni, kidevu, mashavu yaliyoingia ndani.

"Unakula?"

"Sijui."

"Hujui! Wewe mama wa pembeni, unayehema hapo, ingia jikoni kwangu uniletee kijiko. Droo ya kwanza."

Nikaleta. Tukamkalisha kwenye benchi la uani, akafungua ile chupa, akala. Vijiko vitatu, vinne. Jamu ilimmwagikia kwenye koti. Hakulia, msidhani alilia. Alikula tu, akimeza kwa shida, na Ginka akasikiliza anavyomeza, akihesabu kwa kichwa. Baadaye Racho akachukua karatasi ya mwisho, akaipaka gundi, akaibandika getini. Safari hii aliitazama. Alisimama mbele ya sura ya mkewe mpaka nikaanza kusikia baridi ya magoti.

"Nywele alikuwa amepaka rangi," akasema.

"Alipaka. Mimi ndiye niliyempaka, jikoni kwangu."

"Sikumwambia zimependeza."

Nikamfuta ile jamu kwenye koti.

Jumamosi kanisa lilijaa. Nusu walikuja kwa ajili ya Donka, nusu walikuja kuhakikisha kwa macho yao kwamba Racho yu hai, na wengine hawakuwa wamepata habari mpya kabisa, wakampita mlangoni wakimpa mkono na kumuuliza mjane amekaa wapi. Gancho alikuwepo, amenyoa. Ginka aliletwa na jirani yake, akakaa nyuma. Iskra alikuwa amefika jana yake jioni na basi, macho mekundu, amebeba sinia la ngano iliyochemshwa ya kumkumbuka marehemu, juu yake sukari na jozi.

Wakatugawia vikaratasi.

"Nipe niandike, baba," Iskra akasema.

"Acha."

Racho alikiweka juu ya meza ya mishumaa, akainama. Nilisogea nione, sina aibu. Alianza na upande wa waliokufa. Akaandika Donka. Kalamu ikakaa pale kwenye herufi ya mwisho, kisha ikainuka. Akageuza. Upande wa walio hai akaandika Iskra. Akaandika majina ya wajukuu wawili. Akasimama.

Padri alikuwa amenyoosha mkono akingoja. Akakohoa. Nyuma yetu foleni ikasogea. Racho alitazama ule mstari mtupu chini ya majina ya watoto, na mimi nikajikuta nimemshika Iskra mkono kwa nguvu mpaka akaguna.

Akaandika. Herufi kubwa, mbaya, za makasha, zikatoka nje ya mstari. Akampa padri.

Padri alisoma waliokufa kwanza, Donka wetu kati yao. Kisha akasoma walio hai, haraka haraka, kama wasomavyo. Iskra. Wale watoto. Racho.

"Racho?" Ginka akauliza kwa sauti kule nyuma, maana hakuwa anaona mtu. "Yupo?"

Watu wakageuka. Racho naye akageuka, nta ya mshumaa ikimtiririkia vidoleni.

"Nipo," akasema.